Wanachokipenda Wasomaji wa Munuki

Jumatatu, 2 Machi 2009

Habari kubwa. Ijumaa anakuja Bi Roselyn kutoka Nairobi, wa shirika linaloifadhili maktaba yetu hapa Munuki, Juba. Madam Adut, mkuu wetu, alitutangazia asubuhi, mimi na Eriya, tukiwa bado tunapangusa vumbi. Mgeni ataketi na wasomaji, awaulize wanapenda nini hapa na wanachukia nini. Baada ya hapo atamchagua mmoja wetu akaongoze tawi jipya linalofunguliwa mtaa wa Lemon Gaba wiki ijayo.

Mmoja wetu. Kana kwamba tuko wawili. Mimi nina cheti cha ukutubi na tai ya hariri. Eriya alikuwa fundi redio Kampala, huja kazini na ndala, na Kiswahili chake ni cha mimi iko, wewe iko. Wasomaji humcheka. Au tuseme hucheka naye. Ukiwa mbali huwezi kutofautisha.

Nimeamua kuwahi. Nitawauliza wasomaji mwenyewe, nirekebishe kasoro zote, na Ijumaa wabaki na sifa tupu.

Nilianza na Flavia, mama wa Kiganda anayeuza chai nje ya lango. Akasema anapenda umeme; anachaji simu yake na za wateja wake. Mwanafunzi mmoja wa chuo anapenda feni. Mama aliyekuja na mtoto anapenda maji ya kunywa. Hakuna aliyetaja kitabu. Je, wanachukia nini? Hapo wote walikuwa na jibu moja: yule mtu wa "shhh".

Nimewaza sana. Lazima ni Eriya. Sijawahi kumsikia akifanya hivyo, lakini labda hufanya wakati mimi nikizunguka kuwanyamazisha watu.

Jumanne, 3 Machi

Kasoro nimeiona. Watu wanapenda vitu visivyofaa. Maktaba ipendwe kwa vitabu. Nimechomoa ekstensheni na kuificha chini ya meza yangu. Sasa watasoma.

Kufikia saa nne hapakuwa na mtu ndani ila Mzee Thon, askari mstaafu anayekuja kila asubuhi kuomba kitu kimoja tu: kitabu cha ramani. Kimo katika vile vitabu vipya, vilivyokuja na jahazi la mto wakati wa Krismasi na kukaa juu ya udongo wa bandari wiki nzima ndani ya maboksi. Nilivifungia kabatini siku ileile ili wageni wavikute safi, na ufunguo nauvaa shingoni. Nikamwambia, kwa Kiarabu changu cha Juba, bukra, yaani kesho. Akajibu kwamba hata jana ilikuwa bukra. Mzee mvumilivu sana.

Kelele nje. Nikatoka. Eriya alikuwa amevuta waya kutoka kwenye jenereta hadi kwenye benchi la Flavia. Wasomaji wote walikuwa pale, simu zinachajiwa, chai inamiminwa. Kibaya zaidi, aliwatolea magazeti na walikuwa wakisomeana kwa sauti. Nikawaambia shhh. Wote wakanitazama kwa namna ambayo sikuielewa.

Madam Adut akauliza ni nani amemwaga watu wake nje. Nikasema joto.

Jumatano, 4 Machi

Mpango mpya. Sifa haziji zenyewe, hufundishwa. Nilimwita Flavia pembeni nikampa sentensi ya kusema Ijumaa: "Phineas ndiye nguzo ya maktaba hii." Akauliza nguzo ni nini. Nikamwonyesha ile ya veranda. Akaitazama kwa muda mrefu, akasema sawa, lakini ekstensheni irudi. Imerudi. Uongozi ni kujua wapi pa kulegeza.

Jioni Madam Adut, aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Kakuma na hapitwi na neno la Kiswahili, aliniuliza kwa nini Flavia anaikariria nguzo jina langu. Nikasema Waganda wana mambo yao.

Alhamisi, 5 Machi

Nimegundua siri ya Eriya: jenereta. Yeye ndiye huiwasha, basi watu humwona mfalme. Na jenereta haiwaki bila kamba yake ya kuvutia. Kamba sasa iko mfukoni mwangu. Kesho Bi Roselyn atakuta feni zimelala, ataona mwenyewe uzembe ni wa nani.

Nimepiga pasi tai.

Ijumaa, 6 Machi

Bi Roselyn alifika mapema, mama mpole mwenye miwani, anajipepea kwa mkono. Watu walijaa mpaka mlangoni. Joto la kuoka mkate. Eriya alipekua kila kona, kisha akaninong'oneza, "Braza, wewe iliona kamba?" Nikasema hapana. Akasimama anawaza. Halafu macho yake yakatua shingoni mwangu, na macho ya Madam Adut yakafuata.

"Phineas," akasema Madam, "mpe tai."

Nilimpa. Hariri kumbe ni imara. Jenereta ilinguruma, feni zikazunguka, watu wakapiga makofi. Tai ilirudi ikinuka petroli, imerefuka hadi magotini.

Kikao kikaanza. Flavia alisimama wa kwanza. Nikajiweka sawa. "Phineas," akasema, "iko kama ile nguzo ya veranda. Inasimama hapo tu. Haisogei." Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Bi Roselyn akauliza wanachukia nini. Wakasema yule mtu wa shhh. Ni yupi? Vidole vyote vikaelekea upande wangu. Nikageuka nyuma kumtazama. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Kisha Mzee Thon akainuka na Madam Adut akatafsiri. Binti yake, Amer, alichukuliwa kutoka kambi ya wakimbizi akapelekwa Australia. Hupiga simu na kutaja mji anaoishi. Mzee anataka kuona ulipo, basi. Anapenda maktaba hii kwa sababu kitabu cha ramani kimo humu. Anachokichukia ni bukra.

Bi Roselyn akaniambia nifungue kabati. Nilifungua kwa fahari. Vitabu vilikuwa vimesimama wima, vizuri ajabu. Nikashika kimoja, kikawa unga. Nikashika cha pili, kikawa udongo. Mchwa. Walikuwa wamekula ndani kote na kuacha migongo tu.

Chumba kizima kilinyamaza. Nilikuwa sijawahi kupata ukimya kama ule.

Eriya aliingiza mikono hadi mabegani akatoka na kitabu cha ramani. Afrika imeliwa yote. Ulaya vilevile. Lakini kurasa za mwisho zilikuwa nzima, na Australia ilikuwa huko. Mzee akautaja mji, akauliza ni wapi. Watu wakainama, maandishi madogo, hakuna aliyeuona mji. Mimi niliuona. Nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya Adelaide.

"Hapa, Mzee."

Akauliza kama kuna maji karibu. Nikamwambia uko ufukweni kabisa. Maji mengi? Mengi kuliko Nile. Akacheka polepole, mkono wake mwingine umeshika wangu, na hakuuachia. Macho yakaanza kuniwasha. Vumbi la mchwa, bila shaka. Nikachomoa leso mfukoni.

Kamba ya jenereta ikaanguka sakafuni.

Eriya akaiokota, akaikung'uta. "Asante, braza. Kumbe wewe iliipata."

Lemon Gaba amepewa Eriya. Kabati litachomwa moto. Vitabu vyote vitakavyokuja vitakaa kwenye rafu zilizo wazi, na mimi, kwa agizo la Madam, kila asubuhi nitaketi na Mzee Thon kwenye ramani. Ameshaniambia kesho tuanze na mito.

Jumatatu, 9 Machi

Nimetafakari tangu Ijumaa na kosa nimelipata. Nilikuwa upande usiofaa wa meza. Wanaoamua ni wasomaji, si wafanyakazi. Basi nitakuwa msomaji.

Jumamosi Lemon Gaba inafunguliwa, na Bi Roselyn atawauliza watu maoni yao juu ya kiongozi wao mpya. Nimemwomba Madam ruhusa, nimesema jino. Nitaenda kama mtu wa kawaida, na ndala, na nitakuwa na mengi ya kuchukia. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: "Mimi iko msomaji. Mimi hapana penda huyu Eriya." Sauti imekaa vizuri sana. Hakuna atakayenitambua.

Eriya amepita jioni kuniaga. Amesema Jumamosi ameniwekea kiti, karibu na feni.

Sijui amejuaje. Nitavaa na kofia.