Uswisi Bila Kupanda Ndege

Jumapili, 2 Julai 2017

Nimesema uongo mbele ya mchungaji. Si mkubwa. Yaani, ni mkubwa, ila ulianza ukiwa mdogo.

Baada ya ibada tulikuwa tunakula mtaa wa Bertrams, hapa Johannesburg, kwenye mgahawa wa Mama Orpha. Bukari moto, yaani ugali wetu wa Kongo, sombe ya majani ya muhogo, samaki. Mjane huyu nampenda mwaka wa pili sasa, na yeye anadhani nafuata sombe. Leo akaitazama picha ya ukutani: kijiji cha Uswisi, nyumba za mbao, maua madirishani, daraja. Akasema tangu mumewe afariki amesimama mbele ya sufuria tu. Angependa siku moja atembee kwa miguu katika kijiji kama kile, polepole, bila mtu kumwita alete chumvi.

Évariste akamwita alete chumvi. Kisha akasema Uswisi alishafika enzi zile akiishi Ubelgiji, na hakuna cha ajabu. Évariste ni kinyozi. Alikaa Ubelgiji miaka miwili na anaisimulia kana kwamba ndiye aliyeijenga. Tena ana gari. Mimi ni fundi nguo wa Rosettenville. Nina cherehani.

Nikasikia mtu anasema kwamba Jumanne anasafiri kwenda Uswisi. Nikageuka kumtazama. Ni mimi!

Évariste akauliza visa nimepata lini. Nikasema niliificha kwa sababu ya macho ya watu. Meza nzima ikaafiki kwamba safari haitangazwi. Mchungaji akaniwekea mikono. Mama Orpha akaniomba nikitembee kijiji chote kwa niaba yake, nisipande chochote, kisha nije kumsimulia. Alinishika mkono aliposema hivyo. Sasa nitarudije nyuma?

Jumatatu, 3 Julai

Nimepata! Joël, rafiki yangu tangu Lubumbashi, ni mlinzi katika kijiji cha watalii huko milima ya Magalies. Mzungu mmoja amejenga Uswisi nzima pale, daraja na kanisa vyote vimo. Nikampigia. Akasema eish, Hénock. Lakini chumba cha walinzi kina kitanda cha ziada.

Mpango: siku chache, picha nyingi, nyumbani. Nimejishonea koti la sufu lenye kola ya manyoya. Julai ni baridi, hata mtoto anajua.

Jioni, balaa. Nilisahau kwamba kwetu mtu hasafiri mikono mitupu. Mama Thérèse, mkubwa wa akina mama kanisani, kaleta furushi la makayabu, wale samaki wa chumvi, nimpelekee binti yake Murielle aliyeolewa Geneva. Nikasema ndege zinakataa harufu. Akasema ya mwaka jana haikukataa.

Jumanne, 4 Julai

Wamenisindikiza! Gari la Évariste, mimi mbele kama bwana harusi, samaki nyuma. Uwanja wa ndege waliimba. Mama Thérèse alilia. Évariste akasema hawaondoki mpaka ndege ipae. Na kweli hawakuondoka! Nilijificha chooni na samaki. Kila aliyeingia alitoka haraka.

Usiku huu nipo Magalies, kwa msaada wa lori la kuku. Joël alinikumbatia, akanusa, akafungua dirisha.

Jumatano, 5 Julai

Uswisi ni pazuri! Nimetembea kama nilivyoagizwa, sikupanda chochote. Njia ya mawe. Mnara wa saa (imesimama, lakini imesimama vizuri). Ng'ombe wa saruji mwenye kengele ya kweli. Daraja la mbao juu ya kijito, na kijito kina pampu, Joël huizima jioni. Kanisa halina mchungaji, ni la harusi tu. Kabla ya chai ya saa nne nilikuwa nimeimaliza nchi. Nikaianza upya kwa upande wa pili.

Mzunguko wa tatu nilisimama darajani, nikaona nafasi pembeni yangu, ya kumtosha mtu mmoja. Nikamkumbuka Orpha sana. Ningemwandikia hivyo tu. Badala yake nikatuma picha kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, koti limefungwa hadi kidevuni, nikaeleza kwamba Uswisi ina baridi kali. Haleluya zikamiminika. Mama Orpha aliandika tu, "Pole na safari, Papa Hénock."

Alhamisi, 6 Julai

Nyani wameiba samaki! Walishuka mlimani asubuhi, Joël yuko getini, mimi napiga mswaki. Dume kubwa likapita na furushi la Mama Thérèse kwapani, bila haraka. Nikalikimbiza hadi mnara wa saa. Likapanda. Nikalisihi kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, maana ni Uswisi. Likaendelea kula.

Mchana Évariste akauliza kundini mbona Hénock kavaa koti, na Julai huko Ulaya watu wanaogelea ziwani kwa joto. Uzushi gani huu? Baridi iwe hapa, kule joto? Jua si ni lilelile? Nikamuuliza Joël. Akasema ni kweli, wageni kutoka Ulaya humwambia hivyo kila Julai. Miaka yangu yote, Lubumbashi na Johannesburg, Julai nimetetemeka, na hakuna aliyeniambia! Nikajibu kundini kwamba mwaka huu baridi imewashtua hata wenyeji.

Mara Mama Thérèse akaandika. Murielle amepiga simu. Geneva hawalali kwa joto, na anauliza samaki wake wako wapi.

Nimezima simu.

Ijumaa, 7 Julai

Nimerudi. Nilikwenda Bertrams moja kwa moja, nimfikie Mama Orpha kabla ya Évariste. Nilikuwa na maelezo mazuri sana kuhusu watu wa forodha. Hakuyataka. Alinionyesha picha yangu ya kwanza kabisa. Nyuma yangu, juu ya paa, amekaa nyani anajikuna. Akauliza kama na huyo alipata visa.

Alijua tangu Jumatano! Na hakumwambia mtu. Nikakiri yote: pampu, ng'ombe, samaki. Alicheka mpaka akakaa kitini, na sijawahi kumwona amekaa. Kisha akafuta macho, akasema hakuna mtu aliyewahi kuhangaika hivi kwa ajili yake. Akasema Jumamosi ijayo nimpeleke kwenye Uswisi hiyohiyo, tutembee wawili.

Ila sharti moja. Keshokutwa nisimame kanisani niseme ukweli, na nimwombe Mama Thérèse radhi. Alisema hawezi kumshika mkono mwanamume kama hajui ameshika nini. Nikaapa! Nina furaha mpaka nimeshona suruali ya mteja miguu yote miwili pamoja.

Jumapili, 9 Julai

Saa ya ushuhuda nikasimama. Nikasema kwa sauti kwamba, ndugu zangu, sikufika Uswisi. Nilikuwa naendelea vizuri kabisa. Halafu Évariste akatabasamu.

Ni lile tabasamu! Nikasikia kinywa changu kinasema kwamba sikufika kwa sababu pale uwanja wa ndege sauti iliniambia nisipande. Kwamba nilikwenda mlimani kufunga na kuomba. Kwamba samaki wa Mama Thérèse niliwagawia wenye njaa. Kanisa likalipuka kwa Amina! Mama Thérèse alinikumbatia. Mchungaji anataka niwe naombea wasafiri.

Mama Orpha hakusema Amina. Alichukua mkoba wake, akatoka.

Jumamosi, 15 Julai

Leo ndiyo siku ya Uswisi. Mama Orpha amekwenda na Mama Thérèse, ambaye sasa anajua wenye njaa walikuwa nani. Évariste amewapeleka, ingawa nasikia ataachwa getini pamoja na gari lake. Nami je? Mama Orpha alisema mimi nitakwenda siku nitakapousema ukweli mbele ya walewale niliowadanganya. Atangoja, lakini hatazeeka akingoja. Iliniuma sana. Nililia kidogo nyuma ya friji.

Kabla ya kuondoka alinipa aproni na ufunguo wa mgahawa. Nisonge bukari, nihudumie watu, nisibuni kitu.

Ufunguo! Mwanamke hampi ufunguo wa jiko lake mtu asiyemtaka! Akirudi lazima akute foleni imefika barabara kuu, ajue amepata mwanamume wa kazi. Bukari imeungua upande mmoja, haidhuru. Nimeshafuta ubao wa nje na kuandika kwa chaki, herufi kubwa: LEO TU, MPISHI KUTOKA USWISI.