Wimbo wa Bata na Jarida la Daraja A

Jamani, leo uso wangu sina pa kuuweka.

Mnajua mimi ni mhadhiri wa fasihi (Daktari, tafadhali). Asubuhi nilikuwa napitia maombi ya kazi chuoni kwetu. Nafasi moja tu. Mwombaji mmoja ni Mwalimu Shomari, anafundisha sekondari kwetu Zinga, na kazi hii anaililia miaka. Ameandika makala kuhusu nyimbo zetu za harusi. Nikatazama jarida lililoichapisha. Halimo kwenye orodha ya chuo ya majarida yanayotambuliwa! Si daraja A, si B, hata C ya huruma halina. Nikaandika: "Hafai." Makala yenyewe sikuifungua. (Ya nini, na orodha ipo?) Ikabaki kutuma tu.

Mchana nikaenda Zinga kwenye harusi ya binamu. Niko uani na akina mama, tunamenya vitunguu saumu vya pilau. Shangazi yangu Bi Tatu, ndiye anayeongoza nyimbo pale, akaniambia, "Shomari katuandika vizuri mno. Umemsoma?"

Mimi na domo langu! "Shangazi, jarida lake halina daraja. Mimi wimbo wenu wa bata nimeuandika kwenye jarida la daraja A."

"Ehee! Hebu tusomee."

Nikafuta mikono, nikatoa simu, nikakohoa kidaktari, nikawa natafsiri kutoka Kiingereza changu: "Mtunzi wa wimbo huu wa kale hajulikani. Bata ni ishara ya tabaka la mabwanyenye..."

Bi Tatu akaweka kisu chini.

"Hajulikani na nani?" akauliza Bi Tatu. "Si nimeutunga mimi! Jirani kaniibia bata, kampika, na mchuzi kaniletea bila haya! Wewe ulikuwa darasa la tatu. Na mchuzi ule uliunywa wewe!"

"Lakini Shangazi, makala yangu wataalamu watatu wa ng'ambo waliipitisha..."

"Walifika Zinga?"

"Hawakufika."

"Wao tumewasamehe. Wewe ulipotea njia?"

Wee! Uani kicheko, mtu kaangusha sinia. Na nani yuko mlangoni na gunia la mkaa? Mwalimu Shomari. Nilitamani kuingia kwenye sufuria.

"Wewe uliandikaje?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Niliandika mtunzi ni Bi Tatu, Daktari. Nilimuuliza."

Alimuuliza! (Mimi nilisikiliza wimbo kwenye kanda ya sauti ya maktaba, na shangazi ninaye.) Nikaifungua makala yake palepale kwenye simu, vidole vinanuka kitunguu, nikaisoma mpaka mwisho. Nzuri, jamani. Nzuri kuliko yangu, na inaniuma kusema. Nikafuta "Hafai", nikaandika "Aitwe kwenye usaili, makala nimeisoma", nikatuma.

Sasa nawaandikia nikiwa nyuma ya jiko. Huko mbele wanacheza wimbo mpya wa Bi Tatu, unamhusu Daktari mmoja aliyekunywa mchuzi wa wizi. Tafadhali msicheke. Kiitikio ni kitamu, nimejikuta naitikia.