Sanamu Imepungua Inchi Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeipata njia. Nilipomweleza mke wangu alishusha pumzi, akaendelea kuanika nguo.

Binamu yangu, yule wa "mzigo umeingia", kaleta katoni ya sindano za kupunguza mwili. Vichupa ishirini na vinne vya unga wa kuchanganya na maji, vimefungwa kwa gazeti, vimeshinda kwenye buti ya gari lake tangu Ijumaa. Anasema ni zilezile wanazochomwa matajiri. Nikauliza zimetengenezwa wapi. Kajibu: mbali. Nimeridhika.

Wateja ninao. Akina mama sita wa kwaya wameleta vitambaa vya magauni ya tamasha, na kila mmoja anataka gauni la mwili aliokuwa nao miaka kumi iliyopita. Fundi Maringo, mshonaji wa ng'ambo ya barabara, kabandika kibao: TUNAPANUA NGUO. Yeye apanue nguo. Mimi nitawapunguza wenye nguo!

Kikwazo kimoja. Kwenye lebo, kwa herufi ndogo kama chawa: kwa utafiti wa maabara tu, si kwa matumizi ya binadamu. Nilishtuka hadi pasi ikaunguza kola ya mteja. Kisha akili ikanirudia. Wanataka utafiti? Watapata utafiti. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili.

Nilimtania mke wangu kwamba na yeye angefaa kuwa mshiriki, maana gauni lake la mwaka huu lilikula nusu mita ya ziada. Kaokota beseni lake, kaingia ndani.

Jumanne, 4 Machi

Kwaya imekuja. Nimewapima viuno wote sita kwa futi yangu mpya na kuwaandikisha, Namba Moja mpaka Namba Sita. Namba Moja ndiye kiongozi wao, mwanamke mwenye sauti ya kutikisa vioo. Kila mmoja kaondoka na kichupa chake. Kujichoma, wajichome wenyewe huko kwao. Mimi ni fundi nguo, si daktari, na mtu lazima ajue mipaka yake.

Mara shemeji huyo. Mdogo wake mke wangu, mfamasia wa hospitali, hajawahi kucheka dukani kwangu hata siku moja. Kachukua kichupa, kakigeuzageuza, kaniuliza kama nimesoma tarehe. Sikuwa nimesoma. Kanisomea yeye: muda wa kutumika uliisha mwezi mmoja kabla ya siku ya kutengenezwa. Dawa imekufa kabla ya kuzaliwa!

Kasema dawa za kweli za aina hii zipo, lakini zilijaribiwa kwa maelfu ya watu kwa zaidi ya mwaka, wengine wakichomwa dawa na wengine sindano isiyo na dawa, bila kujua nani kapata nini. Na hata hizo huandikwa na daktari anayekufuatilia. Nikamwambia maelfu hawaenei, duka langu lina viti vitatu. Akauliza: basi katika utafiti wangu ni nani asiyechomwa, ili nipate wa kumlinganisha na wenzake? Swali zuri, siwezi kukataa. Lakini wanakwaya walikuwa wamekwisha kuondoka, na nani angekubali? Nimeiandikisha sanamu ya nguo iliyoko dirishani. Namba Saba. Nimeipima kiuno, nimeandika.

Shemeji kaondoka na vichupa vitatu, ana rafiki wa maabara. Kaniamuru nivirudishe vile sita upesi na visivyogawiwa nivitupe. Nimeitikia ndiyo. Sikusema lini.

Jumamosi, 8 Machi

Namba Moja kapiga simu. Anatapika tangu juzi. Nimeandika: dalili njema. Namba Nne anasema yeye hasikii chochote, tena njaa imemzidi. Katoni ni moja, dawa ni moja, huyu hainuki kitandani na yule anamaliza sufuria. Sielewi.

Umeme ulikatika jana. Vichupa vilivyobaki vilikuwa kwenye friji yetu ya nyuma ya duka, nyuma ya maziwa. Nimevihamishia dirishani vipate upepo. Vikapata jua. Unga wa viwili umegeuka rangi ya chai. Nimevirudisha kwenye friji bila kumwambia mtu.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kipimo. Futi mpya haionekani. Mke wangu anasema itakuwa imeanguka mahali. Basi nimeitoa ile ya kitambaa niliyorithi kwa fundi aliyenifunza kazi, miaka ishirini na mitano inavutwa na bado inapima.

Namba Moja: kapungua inchi mbili. Namba Mbili: inchi mbili. Wote! Hata Namba Nne, ambaye alikuja anatafuna. Nimekaa chini. Nilidhani nadanganya watu, kumbe nilikuwa nasema kweli!

Nimechora chati kubwa na kuibandika ukutani. Magauni nimeyapimia kwa rula ya mbao ya mezani, nimeyakata yote sita kwa vipimo vya leo. Wamama wameondoka wakiimba.

Mke wangu kasimama mbele ya ile chati mpaka chai ikapoa mkononi. Kauliza kama ni kweli. Nikamwambia namba hazina ndugu. Kauliza tena, kweli kweli? Nikamwambia asiyeamini aje apime mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi

Naandika kwa shida.

Asubuhi nilikumbuka kwamba sijampima Namba Saba. Nikaipima sanamu. Imepungua inchi mbili. Nimepima tena. Mbili! Sanamu ya mbao na sponji, haili, haichomwi, imepungua!

Nimefikiri mpaka adhuhuri. Jibu ni moja tu: nguvu ya dawa inapita hewani. Nimejipima na mimi. Nimepungua pia. Ni ugunduzi mkubwa, nimeupigia mistari miwili.

Kisha nikahesabu vichupa. Vinapaswa kuwa kumi na vitano. Viko kumi na vinne. Mwizi! Nikakumbuka kwamba jana Fundi Maringo alikuja kuazima uzi mweusi, akapita hadi nyuma kunawa mikono. Nimevuka barabara. Nimemkumbatia, nikamzungushia mikono ili nikadirie kiuno. Kaniuliza kama kwetu kuna msiba. Nikamwambia najua alichokifanya. Karudisha uzi.

Mke wangu kasema labda nilihesabu vibaya. Kasema akiwa kanipa mgongo, na chakula hakugusa. Anadai tumbo.

Ijumaa, 14 Machi

Sijui nianzie wapi.

Saa nne wamama wamekuja kujaribu magauni. Zipu ya Namba Mbili ikagoma katikati. Ya Namba Tatu haikuanza safari. Namba Moja kavuta pumzi aonyeshe kwamba lake linafunga, mshono ukafumuka kutoka kwapani mpaka nyonga. Kisha Namba Nne, mdomo umejaa, kauliza hizo inchi mbili zimekwenda wapi. Wametoka wote sita, wamevuka barabara kwa mstari, magauni begani, wameingia kwa Maringo. Chini ya kibao kile!

Kabla sijapumua kaingia shemeji na karatasi ya maabara. Vichupa vitatu, majibu matatu. Cha kwanza hakina dawa hata chembe. Cha pili kina nusu ya kilichoandikwa. Cha tatu kina zaidi ya mara mbili, na ndani yake kumeota vijidudu. Nilikuwa nataka kusema kwamba ukivichanganya vyote vitatu hesabu inakaribia kuwa sawa. Akanikatiza, akauliza dada yake yuko wapi.

Nikasema amelala, tumbo, tangu juzi. Uso wa shemeji ukabadilika. Tumeingia chumbani pamoja.

Midomo imemkauka. Macho yameingia ndani. Tumboni, kando ya kitovu, uvimbe mwekundu saizi ya yai, unachoma ukiugusa. Chini ya kitanda kichupa cha kumi na tano, unga uliobaki rangi ya chai. Shemeji alipouinua mto ili amkalishe, futi yangu mpya ikaanguka.

Nimeogopa. Naandika kama ilivyo: sijawahi kuogopa hivi. Nilimbeba mwenyewe hadi kwenye gari, na gari lenyewe ni la Fundi Maringo. Alizima cherehani, akachukua funguo.

Kwenye benchi la hospitali shemeji katoa futi mpya mkobani, kanivua ile ya zamani shingoni, kazinyoosha sambamba. Alama ya inchi arobaini ya futi ya zamani ikalala juu ya arobaini na mbili ya futi mpya. Ile kuukuu imevutika. Nami nikaiona sanamu yangu dirishani, haijapungua hata uzi mmoja.

Jumapili, 16 Machi

Atapona. Jipu limepasuliwa, dripu ya sita inamalizikia. Daktari kasema tungechelewa siku moja zaidi angekuwa na habari nyingine ya kutupa.

Mke wangu kaniambia kwa sauti ndogo. Tangu siku ile niliposema nusu mita ya ziada, alikuwa akijipima kila asubuhi kwa futi mpya na kuificha chini ya mto. Hakuniamini mimi, kasema, ananijua. Aliiamini chati. Nililia mbele ya wodi nzima, hadi mgonjwa wa kitanda cha jirani akanipa leso. Nimeapa mbele ya mke wangu, shemeji, na yule mgonjwa, kwamba nimekoma.

Shemeji kapita nyumba zote sita, kakusanya vichupa na kuviteketeza pamoja na vyangu. Namba Moja ametibiwa, ataimba. Maringo kayapanua magauni yote, na leo kaja kumjulia mgonjwa hali. Kaniuliza kama nahitaji uzi. Nimeona aibu kubwa.

Jioni muuguzi kampima mke wangu uzito. Kasema amepungua kilo nne tangu aliposimama hapohapo mwezi uliopita, alipokuja kupima presha. Nimeshtuka. Kilo nne! Nikauliza kama mizani ile ni nzima. Muuguzi kasema ni mpya, inakaguliwa kila mwezi, na haina cha kuvutika.

Tatizo basi lilikuwa ni futi. Siku zote lilikuwa ni futi!

Mke wangu kasinzia. Nimelitoa daftari kwenye koti. Shemeji, aliyekaa upande wa pili wa kitanda, kauliza naandika nini. Nikamwambia ni majina ya watu wa kuwaomba radhi. Kaniangalia, kisha karudi kumfunika dada yake.

Namba Nane. Mwanamke, umri miaka thelathini na nane. Kilo nne, kwa mizani ya hospitali. Chini yake nimeacha nafasi ya sahihi ya daktari.