Shikilia Tapeti, Shemeji

Redio yangu, ile niliyoizungushia kamba kwa sababu mgongo umedondoka, ilitangaza kwamba bwana mmoja ametengeneza helikopta nyumbani kwake, ikaruka mpaka juu ya paa la jirani. Nilikuwa namimina kahawa. Kijiwe kizima kikalipuka.

"Nyumbani?" akapaza sauti Hotuba, karani mstaafu asiyeweza kusema neno bila kurusha mikono yote miwili. Kahawa yake ikamrukia Pindo, fundi cherehani.

"Mzee, ongea kwa mdomo!"

"Mnashangaa nini?" akasema Gia Tatu, dereva wa lori ambaye gia ya nne hajawahi kuionja. "Mimi leo natia kamshafti mpya uani kwangu, kwa mikono hii."

"Kamshafti ndiyo nini, baba?" nikauliza.

"Bibi, ni chuma kirefu chenye vinundu, kinasukuma valvu za injini zifunguke kwa zamu. Yangu imekwisha vinundu, laini kama mchi wa kutwangia."

"Na yule mkandarasi wako wa matofali anajua lori ni bovu?"

Akashusha sauti. "Jioni hii anampigia simu shemeji yangu, naye ana lori. Lori langu likiwa bado bovu, kazi ya kubeba matofali anapewa yeye."

Tukanyanyuka wote. Nikabeba birika langu, maana wateja wakihama na mimi nahama.

Uani lori lilikuwa limeachama mdomo. Rejeta imelazwa kwenye karo la kufulia, na mkewe Gia Tatu amesimama pembeni akiangalia fagio lake lisilo na mpini.

Mpini ulikuwa kazini. Juu ya kamshafti hukaa vikombe vidogo vya chuma, wanaviita tapeti. Ukichomoa kamshafti, vinaporomoka chini kwenye oili, na kuvifuata huko ni kufungua injini upya. Basi Gia Tatu alichonga mpini ukawa vijiti, kila tapeti akaichomekea kijiti kikakaza, akaivuta juu, kisha Pindo akavifunga vyote kwa lastiki ya suruali. Kamshafti ya zamani ikatoka vizuri. Tukapiga makofi.

Lastiki ikaanza kulegea, taratibu, bila aibu.

"Pindo! Hii lastiki ya wapi?"

"Si ndiyo hiyo hiyo ninayowashonea nyote?"

Kila mwanamume akashika kiuno chake.

"Acheni viuno, shikeni vijiti!" Gia Tatu akafoka.

Wakarukia bampa. Hotuba naye akapewa viwili.

"Mzee, ukihutubia tumekwisha."

"Siwezi kuhutubia. Ila nataka niseme jambo moja tu kuhusu ile helikopta..." Vidole vikaanza kucheza. Nikambandika kikombe mdomoni, akatulia.

Hapo ndipo Shemeji alipoingia, shati jeupe, simu imechungulia mfukoni kifuani.

"Naona mmefungua kiwanda cha mafagio."

"Shemeji, karibu sana," Gia Tatu akasema huku jasho linamtiririka. "Vimebaki vijiti viwili, na mikono imetuishia."

"Huwezi, wewe," Pindo akamchokoza. "Utachafua shati."

"Mimi? Mkono wangu hautetemeki kama yenu. Nikishika, nimeshika." Akapanda, akashika kimoja kulia, kimoja kushoto, kidevu juu.

Gia Tatu akaipaka kamshafti mpya oili, akaanza kuiingiza. Anaizungusha kidogo, anasukuma kidogo, kama mtu anayemlaza mtoto mchanga.

Simu ikalia. Shemeji akainamisha macho kifuani.

"Mkandarasi huyo!"

"Usiachie, Shemeji!"

"Si kazi yangu hiyo inapita!"

"Si ulisema ukishika, umeshika?" Pindo akamkumbusha.

Mkewe Gia Tatu akasogea, akajifuta mikono kwenye gauni, kidole kimoja kimoja, akaichomoa simu mfukoni mwa kaka yake.

"Haloo? Ni dada yake. Hapana, hawezi kuongea, mikono imejaa. Matofali? Lori la mume wangu litakuja kesho asubuhi. Limepona, ndiyo. Na huyu kaka yangu mwenyewe yuko juu yake, anasaidia kulifunga."

Kamshafti ikagonga mwisho wake, ko! Sasa tapeti hazina pa kuporomokea.

"Dada!" Shemeji akapiga ukelele. "Hiyo simu ni yangu!"

"Basi achia vijiti, ushuke uichukue."