Kigogo Fasaha

Jumatatu, 1 Septemba 1997. Kikuyu, Dodoma.

Shirika la wafadhili linalochimba visima Mvumi linatafuta ofisa. Awe na Kiingereza na Kigogo. Kiingereza ninacho: miaka saba shule ya kimataifa Nairobi, baba akiwa dereva wa ubalozi. Kigogo je? Mimi ni Mgogo. Mama huniongelesha Kigogo kila siku, nami huitikia, "Sawa, Mama." Kwenye barua nimeandika: fasaha.

Lea naye ameomba. Tulisoma darasa moja hukohuko Nairobi. Likizo mimi nilibaki kwa marafiki wenye runinga. Yeye alirudi Mvumi kwa bibi yake, kuchunga mbuzi. Nilikuwa namhurumia.

Jumatano, 3 Septemba.

Usaili keshokutwa, mbele ya wazee wa kijiji. Nimemwomba Mama anifundishe maneno ya heshima ya kusema na wazee wa Mvumi. Akauliza kwa Kigogo; nilidaka Mvumi na Lea, nikajua anauliza kama si ndiko kwao. Nikasema ndiko. Akafuta macho kwa khanga, akachinja jogoo. Sikuelewa, ila jogoo alikuwa mtamu. Hotuba nimeikariri yote. Maana sikuuliza, muda hautoshi.

Ijumaa, 5 Septemba.

Lea alitangulia. Wazee walicheka naye, wakamsogezea kigoda. Zamu yangu: niliwasalimu mbukwenyi, wakaitika vizuri. Nikamwaga hotuba bila kukwama. Wazee wakatazamana. Mzee Yotham akauliza jambo, nikatikisa kichwa kukubali. Akauliza tena, nikakubali tena. Bosi mzungu wa shirika alifurahi, akawa anaandika.

Lea akaninong'oneza kwa Kiingereza. Mzee Yotham ni baba yake mdogo. Hotuba ya Mama ilikuwa ya posa: nimetoka kumposa yeye Lea, na nimekubali ng'ombe ishirini.

Sina hata kuku. Jogoo tumeshamla.

Lea aliniombea radhi. Wazee walicheka hadi mmoja akapaliwa na ugoro. Kazi amepata yeye.

Nyumbani nilimsimulia Mama. Hakucheka. Aliniuliza, kwa Kiswahili safari hii, "Kwa hiyo miaka yote ninayoongea na wewe, ulikuwa husikii?"



Jumapili, 7 Septemba.

Lea amekuja. Yeye na Mama wameongea Kigogo mchana kutwa, mara wananitazama, mara wanacheka. Kisha Lea akaniambia shirika lina nafasi ya pili, ya kuandika ripoti za Kiingereza. Sharti moja: kwanza nikae mwezi mzima Mvumi kwa Mzee Yotham, nijifunze Kigogo.

Nimekubali palepale. Mama ameshanifungia begi.

Njia ya mkato nimeipata tayari. Kila jioni nitawafundisha wazee Kiingereza. Wakishakijua wote, mimi Kigogo cha nini?