Ulingo wa Marehemu Reinhold na Shati Langu la Mirabaraba

Alhamisi, 20 Novemba

Nimewasili kambini saa nane mchana. Theluji hadi kwenye vifundo vya miguu. Shemeji yangu Verlyn, mume wa dada yangu, alikuwa ameshafika na ameshachukua kitanda cha karibu na jiko la kuni. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba mwaka jana tulikubaliana kupokezana. Akajibu kwamba anakumbuka vizuri, na kwamba mwaka jana pia alikilalia yeye.

Jambo la msingi la msimu huu wa kuwinda kulungu ni ulingo. Mzee Reinhold Zastrow, aliyeijenga kambi hii, alifariki mwezi wa Aprili. Ulingo wake, ulio juu ya mwaloni mkubwa penye makutano ya njia tatu za kulungu, umebaki wazi. Mimi kwa miaka kumi na mmoja nimepangiwa kinamasi. Kinamasini nimewahi kuona sungura wawili na mpima ardhi mmoja.

Nimemkabidhi Mama Irma, mjane wa Mzee, ombi rasmi la kurithi ulingo. Kurasa sita, nakala tatu. Hoja yangu kuu iko ukutani. Hapa kambini, mtu akimlenga kulungu akamkosa, hukatwa mkia wa shati alilovaa, yaani ile sehemu ya nyuma inayochomekwa, mezani, mbele ya wote. Kitambaa huandikwa jina na mwaka, kisha hupigiliwa msumari ukutani. Vipo ishirini na saba. Vinne ni vya Verlyn. Cha Mzee Reinhold hakipo hata kimoja, kwa misimu zaidi ya hamsini, na Mama Irma hulitaja jambo hilo kila mwaka kabla ya chakula. Changu pia hakipo. Ni sisi wawili tu. Verlyn hudai ni kwa sababu sijawahi kufyatua risasi. Dai hilo halibadilishi rekodi.

Mama Irma alisoma ukurasa wa kwanza, akaweka sufuria ya maharage juu ya kurasa zilizosalia. Kisha akatoa uamuzi. Mwaka huu amemleta Luanne, binti yake wa ubatizo, umri miaka arobaini na mitatu, mfanyakazi wa kliniki ya meno, ambaye hajawahi kuwinda. Kati yangu na Verlyn, atakayemsaidia Luanne kupata kulungu wake wa kwanza ndiye atakayepewa ulingo. Luanne mwenyewe atamtaja.

Nimeanza papo hapo kuandika Mwongozo kwa Mwindaji Anayeanza. Utakuwa na ibara thelathini.

Ijumaa, 21 Novemba

Siku ya mafunzo. Nimemsomea Luanne Ibara ya Kwanza hadi ya Kumi na Mbili, nikiwa nimesimama. Kila bunduki ihesabiwe kuwa na risasi. Kidole kikae nje ya kifyatulio. Mwindaji ajue kilicho nyuma ya kulungu kabla ya kumlenga kulungu. Upepo upige usoni, kamwe usipige kisogoni. Mnyama asubiriwe mpaka ageuze ubavu, na risasi iende nyuma ya bega. Baada ya kufyatua, mwindaji akae nusu saa kabla ya kufuata damu. Luanne aliandika baadhi kiganjani. Nimelichukulia hilo kuwa ishara njema.

Baadaye Verlyn alimwonyesha upinde wake. Akamweleza kwamba kwa mshale kulungu asizidi hatua ishirini, na kwamba mkono huzoea kwa miezi, si kwa siku. Luanne aliuvuta uzi mara tatu na kucheka. Sikupendezwa.

Akauliza kipi kinamfaa anayeanza, upinde au bunduki. Nilimjibu kwa muda wa dakika arobaini, nikizingatia historia. Verlyn akasema bunduki, mwaka huu, upinde aanze kiangazi. Yaani aliafiki msimamo wangu wote kwa sentensi moja, na yeye ndiye aliyeshukuriwa.

Shida ya Luanne ni mikono. Akilenga karatasi peke yake hupiga katikati. Akifikiria kulungu, mtutu unatetemeka. Verlyn alimfundisha kuvuta pumzi. Mimi nilimsomea tena Ibara ya Kumi na Mbili, isemayo kwamba mikono isitetemeke.

Verlyn akanigeukia. "Shemeji," akasema, "wewe unafundisha watu kuogelea na hata nyayo hujazilowesha."

Nilipuuza. Ibara ya Nne inamtaka kila mwindaji ajaribu bunduki yake kwenye karatasi kabla ya msimu, hasa kama darubini yake ya kulengea imeanguka. Yangu ilianguka Jumatano kutoka kwenye pikapu. Hata hivyo sikujaribu. Verlyn angehesabu kila risasi. Isitoshe, Mwongozo ni wa wanaoanza.

Nimechukua tahadhari ya kisheria badala yake. Ikitokea nikakosa, rekodi yangu imekwisha na hoja yangu pamoja nayo. Chini ya ngazi kuna sanduku la matambara. Humo nimepata kipande cha flaneli kuukuu, cha mirabaraba myekundu na myeusi kama shati langu. Nimekishona kwenye upindo wa nyuma wa shati, upande wenye madoa ya wino ukiwa ndani. Wakikata, watakata tambara. Shati langu litabaki zima, na mtu ambaye shati lake ni zima hawezi kuhesabiwa kuwa amekosa. Nimejichoma sindano mara tisa.

Jumamosi, 22 Novemba

Ufunguzi wa msimu. Kabla ya mapambazuko nilipaka viatu vyangu mkojo wa kulungu jike, unaouzwa kwa chupa, ili kuvutia madume. Lebo inasema matone matatu. Nilitumia chupa nzima, kisha nikavikausha viatu karibu na jiko. Nimekunywa kahawa yangu nje.

Mama Irma aliamua Luanne akae peke yake kwenye ulingo wa Mzee, akiwa amefungwa kamba ya usalama. Verlyn alikwenda kijitoni. Mimi, kinamasini. Sote tumevaa rangi ya chungwa, ili mtu asidhaniwe kulungu, inayoonekana kutoka wilaya ya jirani.

Saa tatu nilikuwa nikiandika Ibara ya Kumi na Nane, inayohusu kuwa macho wakati wote. Nilipoinua kichwa, palikuwa na nyayo mpya za kulungu umbali wa hatua tatu kutoka kwenye goti langu. Zilikuja, zilisimama, ziliondoka. Nimezipima kwa ajili ya kumbukumbu.

Jioni Luanne alieleza kwamba alimwona jike, lakini nyuma yake palikuwa na barabara, basi akaiteremsha bunduki. Na kwamba hata hivyo asingempiga, mikono ilikuwa ikicheza kama ya mlevi. Verlyn alimsifu kwa kutofyatua. Nilikumbusha kikao kwamba hiyo ilikuwa Ibara ya Tatu.

Jumapili, 23 Novemba

Inafaa mambo yaandikwe kama yalivyotukia.

Saa moja na robo asubuhi. Dume mkubwa mwenye pembe za matawi manane. Hatua arobaini. Ubavu wazi. Alisimama kana kwamba ameitikia barua yangu. Nilifyatua. Alinitazama. Nilifyatua tena. Alitazama kule risasi ilikoelekea, kisha akaondoka bila haraka.

Verlyn alisikia milio miwili, akaja kusaidia kufuata damu. Ni desturi njema na sikuiomba. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na unywele. Alikuta matundu mawili kwenye mti mmoja mweupe, juu kidogo kuliko kofia yake. Akauliza kama kulungu mwenyewe alikuwa amepanda mti.

Jioni mkasi uliletwa. Nilisimama kwa utulivu ambao sasa naona ulizidi. Verlyn alisema hajawahi kuona mtu akigeuka kwa hiari namna ile. Mama Irma alikata, akakiweka kitambaa mezani, akachukua kalamu aandike. Akakigeuza. Hakuandika.

Upande wa ndani palikuwa na maandishi yaliyofifia. Ndiyo yale niliyoyadhania kuwa madoa. R. Zastrow, Novemba 1957.

Mama Irma alikisoma mara mbili.

"Huu si mkia wako, Elroy," akasema Mama Irma.

Nikaanza kueleza msingi wa kisheria. Akaninyamazisha kwa mkasi, bila kuniangalia, na akasimulia akiwa anakitazama kitambaa. Ulikuwa mwaka wao wa kwanza katika ndoa. Reinhold alimkosa kulungu aliyesimama hatua kumi na tano, mchana, hakuna upepo. Mikono ilimtetemeka mpaka kofia ikamwanguka. Baba yake angefika kambini kesho yake. Irma alikuwa ameshakata na ameshaandika jina, lakini kijana wa watu alikaa kwenye kitanda akalia, basi akakiingiza kitambaa kwenye sanduku la matambara na hawakulizungumza tena mpaka alipozikwa.

"Nilijua hakuna mwanamume wa kambi hii atakayefungua sanduku la matambara," akasema. "Miaka hamsini na saba nilikuwa sahihi."

Luanne alicheka kwanza, halafu Mama Irma, na kicheko chake kikawa na machozi ndani. Verlyn alivua kofia. Mama Irma akakichukua kitambaa na nyundo, akakipigilia mwenyewe juu ya vingine vyote.

Niliona wakati unafaa kwenda kulala.

"Rudi hapa, baba," akasema. "Geuka. Sasa lete shati lako."

Shati nililinunua kwa ajili ya kuonana na maofisa wa serikali. Amekata hadi mabegani.

Jumatatu, 24 Novemba

Mlio mmoja, saa mbili kasoro dakika kumi, kutoka kwenye mwaloni. Halafu kimya. Nilianza kwenda mbio. Verlyn akanishika mkono njiani na kuniuliza Ibara ya nusu saa ni ya ngapi. Tukasubiri. Luanne naye alisubiri, akihesabu kwa saa yake ya mkononi, kisha akashuka.

Dume mchanga, pembe za matawi manne, ameanguka hatua sitini. Risasi nyuma ya bega. Tulimkokota sote. Tulipofika kambini Luanne akasema anataka kumpigia mama yake simu.

Baada ya soseji na jibini, Mama Irma alimtaka amtaje aliyemsaidia. Nilisimama. Verlyn alibaki ameketi, jambo ambalo lingepaswa kuhesabiwa dhidi yake.

Luanne alitushukuru wote wawili. Kisha akautazama ukuta.

"Mikono ilianza kutetemeka kama kawaida," akasema. "Nikamkumbuka Mzee Reinhold na kofia yake chini. Nikasema, kumbe hata yeye. Ikatulia."

Nilieleza mara moja kwamba, kwa kuwa kitambaa kilipatikana, kilishonwa na kilivaliwa nami, msaada huo kisheria ulitoka kwangu. Verlyn alisema kwa kweli shemeji ana hoja. Ni mara ya kwanza kuniunga mkono tangu aoe. Mama Irma alifikiri, nami nikamwona akifikiri, na nilianza kupanga hotuba.

"Aliyemsaidia ni Reinhold," akasema. "Na Reinhold hahitaji ulingo. Achukue Luanne."

Nimeomba uamuzi huo kwa maandishi. Ameandika kwenye mfuko wa mkate.

Alhamisi, 27 Novemba

Bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani nyumbani kwa dada yangu. Verlyn alisimulia habari ya mti mweupe kwa wageni kumi na wanne, akitumia kisu kuonyesha urefu. Dada yangu aliniuliza kwa nini nimevaa shati lisilo na mgongo. Nilikuwa na jibu lakini pai iliingia.

Luanne alinivuta kando. Akasema Jumapili, siku ya mwisho ya msimu, yeye yuko kazini. Kama napenda, nikae ulingoni.

"Ila kaka Elroy, jaribu kwanza hiyo bunduki yako kwenye karatasi," akasema. "Halafu ukae tu. Usiandike."

Nimemshukuru kwa barua.

Jumapili, 30 Novemba

Naandika haya nikiwa juu ya ulingo wa marehemu Mzee Reinhold Zastrow. Kamba ya usalama imefungwa. Miaka kumi na mmoja ya kusubiri. Njia tatu zinaonekana vizuri sana, na theluji haina doa.

Bunduki sikuijaribu. Nilipiga hesabu: matundu yalikuwa juu, kwa hiyo nitalenga chini. Shati ni jipya. Nimelishonea mikia mitatu, mmoja juu ya mwingine, ya kitambaa nilichokinunua dukani, ili pasitokee tena utata kuhusu mmiliki. Ni mizito kidogo ninapokaa.

Kutokana na yaliyotokea wiki hii nimeona haja ya kuongeza Ibara ya Thelathini na Moja. Imenichukua asubuhi nzima. Inasema: Mwindaji anayeanza asishughulishwe na jambo lolote, liwe dogo au kubwa, wakati ambapo.

Kuna kitu kinatembea chini. Kijiti kimevunjika. Nitaangalia nikishamaliza sentensi.

Wakati ambapo mnyama aweza kuwa karibu naye.

Nimeangalia. Nyayo kubwa, zimezunguka mwaloni mara mbili. Sentensi, hata hivyo, imekaa vizuri.