Mfano Mbaya wa Taifa

Kwa heshima na taadhima, Idara ya Kuzuia Ulevi, ambayo mimi nilikuwa naibu mkurugenzi wake, ilitangaza kwamba taifa limepata Mfano Mbaya. Mabango yetu yalikuwa yameshindwa kazi. Watu waliyasoma wakiwa baa, wakakubaliana nayo, wakaagiza nyingine. Ndipo Mkurugenzi akaamua kwamba wananchi wanahitaji mlevi hai, asimamishwe jukwaani, wamwone kwa macho yao na wajirudi.

Tulimpata fundi viatu mmoja aliyeitwa Pipa. Hakuwa na mpinzani. Alikuwa akilewa chakari kabla jua halijapasha bati, na mkewe alishabeba vyombo, akamchukua binti yao na kurudi kwao. Tukamwajiri kwa cheo cha Afisa Mfano. Tukampa meza, kiti cha kuzunguka na posho ya kinywaji, maana serikali haiwezi kumtaka mtu alewe kwa gharama zake.

Mikutano ya kwanza ilifana mno. Pipa alipanda akipepesuka, akaanguka pale pale palipopangwa, watoto wakalia, akina mama wakamwombea. Mkurugenzi alisema hajawahi kuona mtumishi anayeielewa kazi yake kiasi hicho.

Kisha utendaji ukashuka. Pipa alianza kufika ofisini mapema, amenyoa ndevu. Mtaani kwake watu walimwita bosi na kumwomba ushauri. Mkewe akarudi. Siku moja Pipa alipanda jukwaani kwa hatua zilizonyooka, akasalimia vizuri, akashuka. Mzee mmoja kwenye umati aliuliza kama kazi hiyo bado ina nafasi.

Mkurugenzi alimwita Pipa na kumkumbusha masharti ya ajira. Pipa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa adabu.

"Mheshimiwa, kule baa nilikuwa nawanunulia watu vinywaji ili wanisikilize. Hapa nasikilizwa, na mshahara juu. Sasa nilewe nipate nini?"

Tulikutana kwa dharura, tukaazimia kwamba kiu ya mtumishi huyu ifufuliwe. Mkurugenzi alijitolea yeye mwenyewe kunywa naye kila mchana, ili kumtia hamu. Mimi niliagizwa kufunga mapazia. Chupa zikawekwa mezani, Pipa akaomba chai, na Mkurugenzi akanywa kwa niaba ya wote wawili.

Zoezi lilipoendelea nikagundua kwamba habari za kazi hazizungumzwi tena. Mkurugenzi alikuwa akimweleza Pipa jinsi mkewe anavyoongeza sauti ya redio kila yeye anapofungua mdomo, na jinsi wanawe wanavyomsalimia bila kumtazama.

"Ndugu yangu," nilimsikia akisema, "nyumbani mimi ni kabati."

Pipa hakucheka. Alimmiminia nyingine, kwa huruma tu.

Siku Waziri alipokuja kukagua mafanikio yetu, Pipa alikuwa mkavu kama karatasi, hajagusa hata tone. Mkurugenzi akapanda mwenyewe kutoa maelezo. Alianguka kabla ya kufika palipopangwa. Aliinuka, akamwendea Waziri, akamzungushia mkono shingoni, na kipaza sauti kilikuwa bado mkononi.

"Kaka mkubwa, mbona umetutupa watu wa kaunta ya nyuma kule baa? Kiti chako bado tunakilinda. Hatumkalishi mtu."

Waziri, ambaye hotuba zake zote hueleza kwamba hajawahi kuonja kilevi tangu azaliwe, alisimama akapiga makofi. Alitangaza kwamba hilo lilikuwa igizo, na kwamba katika utumishi wake wote hajaona igizo lenye mafunzo kama lile. Wananchi nao wakashangilia, kwa furaha iliyozidi kidogo mafunzo waliyoyapata.

Lakini igizo la mara moja huzua maswali. Kwa hiyo Mkurugenzi alihamishiwa cheo cha Afisa Mfano, mimi nikakaimu nafasi yake, na Pipa akapewa kazi ya kumshika mkono kwenye ngazi na kumsikiliza njiani. Tumeshazunguka wilaya nyingi. Kila jukwaa, Mkurugenzi wa zamani hukumbuka jambo jipya kuhusu kaunta ya nyuma. Waziri, ambaye zamani alikuwa akituma mwakilishi, sasa hakosi mkutano hata mmoja. Hukaa mstari wa mbele, jasho likimchuruzika, viganja vyake tayari kupiga makofi.